Bima ya vyombo vya muziki: soma sharti la gari kabla ya kusoma bei

Mwanamuziki mwenye bima ya nyumba huamini kwamba gitaa lake limo ndani ya bima hiyo. Mara nyingi limo kweli, mpaka siku atakapolitoa nje kwenda kupiga kwa malipo. Hati nyingi za bima ya nyumba zina vipengele viwili vya kutafuta kabla ya kusoma kitu kingine. Cha kwanza ni ukomo wa kitu kimoja: hati inaweza kukinga mali yote ya ndani hadi kiasi kikubwa, huku kitu kimoja ambacho hakikutajwa kwa jina kikilipwa hadi kiasi kidogo tu. Saksafoni nzuri au kinanda cha jukwaani hupita ukomo huo bila shida. Cha pili ni matumizi ya kazi. Ukilipwa kupiga, hata kama malipo yenyewe ni nauli na chakula, kampuni inaweza kusema chombo kilikuwa nyenzo ya biashara, na nyenzo za biashara haziingii katika bima ya nyumba. Kufundisha piano sebuleni kwa ada ni kazi. Kurekodi waimbaji chumbani kwako kwa malipo nako ni kazi.

Bima mahususi ya vyombo hukifuata chombo kokote kiendako: nyumbani, njiani, mazoezini, jukwaani, hotelini. Ada yake kwa kawaida huhesabiwa kama asilimia ya thamani uliyoitangaza, kwa hiyo watu hulinganisha asilimia na kuchukua iliyo ndogo. Hiyo ni njia mbaya ya kuchagua. Hati mbili zenye ada sawa zinaweza kuachana kabisa siku kioo cha gari kitakapovunjwa, na tofauti yao haionekani kwenye ukurasa wa bei. Iko kwenye masharti, na huko ndiko kwa kuanzia.

Hatari zote, na zilizotengwa

Kuna kinga zinazotaja hatari kwa majina: moto, radi, mafuriko, wizi wa kuvunja, ajali ya gari lililobeba vyombo. Na kuna ile iitwayo kinga ya hatari zote, ambayo hulipa hasara yoyote ya ghafla na isiyotarajiwa isipokuwa ile iliyotengwa kwa maandishi. Mwanamuziki achukue ya pili. Vyombo haviharibiki sana kwa radi. Vinaharibika mtu anapojikwaa kwenye kebo na kuangusha gitaa lililosimama kwenye stendi, kasha linapoteleza ngazini, kinywaji kinapomwagika juu ya mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), au mtu anapokalia kiti kilichowekwa tarumbeta. Hayo yote hayamo katika orodha ya hatari zilizotajwa. Isitoshe, mzigo wa kuthibitisha hugeuka. Kwenye hatari zilizotajwa wewe ndiye wa kuonyesha kwamba kilichotokea kimo kwenye orodha. Kwenye hatari zote kampuni ndiyo ya kuonyesha kwamba kimetengwa.

Lakini vilivyotengwa navyo ni vingi, na kinachomgusa mwanamuziki zaidi ni madhara ya polepole: uchakavu, kutu, wadudu, unyevu, ukavu, joto. Gitaa la akustika lenye uso wa mbao halisi hukaa vizuri hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Unyevu ukikaa chini ya 40 kwa muda mrefu, mbao hunywea, uso hupasuka kwa kufuata nyuzi za mti, na ncha za vyuma vya shingoni huanza kutokeza pembeni. Unyevu ukizidi, uso huvimba na daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya uso, huanza kubanduka. Mkadiria hasara anayejua kazi yake huzitambua dalili hizi, ataandika kwamba chanzo ni hali ya hewa, na dai litaishia hapo. Kipima unyevu kidogo ndani ya kasha ni rahisi mno ukilinganisha na ukarabati ambao hakuna atakayekulipia. Ufa uliotokana na pigo ni jambo jingine kabisa: mara nyingi una alama ya mgongano juu ya rangi, na unaweza kukata nyuzi za mti badala ya kuzifuata. Fundi akiuona, aueleze hivyo kwa maandishi.

Hitilafu ya ndani ya kifaa nayo hutengwa. Amplifaya iliyoungua transfoma kwa uzee hailipwi. Iliyoungua kwa sababu umeme wa ukumbi ulipanda ghafla inaweza kulipwa au isilipwe, na yote hutegemea sentensi moja ndani ya hati. Uliza kuhusu sentensi hiyo na upate jibu la maandishi, hasa kama mnapiga kwa jenereta. Nyuzi, ngozi za ngoma, ndimi za saksafoni na taa (valvu) za amplifaya huhesabiwa kuwa vitu vya kuisha, kwa hiyo visitarajiwe kwenye fidia vikiharibika peke yake. Kompyuta ya studio ikiibwa, mashine yenyewe yaweza kulipwa, lakini nyimbo zilizomo na leseni za programu kwa kawaida hazilipwi. Chombo kikiharibikia mikononi mwa fundi, hati nyingi humtupia fundi mzigo huo, basi ni vyema kujua kama karakana yake ina bima.

Kuna kimoja kinachosahaulika: kunyang'anywa chombo na forodha. Baadhi ya mbao na mapambo ya ala za zamani husimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Mti wa rozwudi wa Brazili, Dalbergia nigra, umo katika orodha kali zaidi ya mkataba huo tangu 1992, na pembe za ndovu zilizotumika kwenye vitufe vya piano na ncha za pinde za zamani nazo zina masharti yake. Tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika zenye aina nyingine za Dalbergia zimeondolewa kwenye hitaji la kibali, ila nigra haimo katika msamaha huo. Chombo kikizuiwa mpakani kwa kukosa hati, bima haitakilipia, kwa kuwa uamuzi wa mamlaka ya serikali umetengwa karibu kila mahali.

Mafuriko yaulizwe peke yake. Mei 2010 mto Cumberland ulipofurika Nashville, Marekani, maji yaliingia Soundcheck, ghala na kumbi za mazoezi ambamo wanamuziki wengi wa mji ule walihifadhi vyombo vyao. Vyombo vyote vikilala chini ya paa moja, tazama hati inaweka ukomo gani kwa mahali pamoja, kwani ukomo huo unaweza kuwa mdogo kuliko jumla ya orodha yako.

Thamani: hapa ndipo fidia inapopungua

Kuna namna tatu za kupima utakacholipwa. Kwa thamani ya soko, kampuni hulipa bei ya chombo jinsi kilivyokuwa sekunde moja kabla ya hasara, uchakavu ukiwa umetolewa. Chukua kinanda kilichonunuliwa kwa 1,200 (kwa fedha yoyote utumiayo), na hati inayokata asilimia 10 ya bei ya awali kila mwaka. Baada ya miaka minne kinahesabiwa 720. Toa kiasi cha kujibebea mwenyewe, yaani sehemu ya hasara ambayo kampuni hailipi, tuseme 100, unabaki na 620, na kwa 620 hupati kinanda kama kile kikiwa kipya. Namna ya pili ni kipya kwa cha zamani: unalipwa gharama ya kununua kipya cha aina hiyo au kinacholingana nacho. Hii ndiyo sahihi kwa vifaa vya umeme, yaani vinanda, mikisa, spika, maiki, ambavyo hushuka bei haraka na kutoka madukani kila baada ya miaka michache. Namna ya tatu ni thamani ya makubaliano. Wewe na kampuni mnakubaliana kiasi tangu mwanzo, kwa kutumia cheti cha mthamini, na chombo kikipotea kabisa kiasi hicho ndicho kinacholipwa bila mabishano. Ala za zamani, ala zilizotengenezwa kwa mkono na fidla nzuri ziwekwe hapa. Mfano wa ala kama hizo haupo dukani, kwa hiyo ahadi ya kupewa mpya haina maana kwake.

Cheti cha thamani kikizeeka hakikusaidii. Kukipitia upya kila miaka mitatu ni mazoea mazuri, na mapema zaidi kama soko la aina hiyo ya chombo limepanda. Na kama kununua kingine kutahitaji kukiagiza kutoka nchi nyingine, gharama za kusafirisha na ushuru ziingie katika kiasi unachotangaza.

Sasa, kutangaza thamani ndogo ili kupunguza ada ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, maana huumiza hata katika hasara ndogo. Hati nyingi zina kanuni ya uwiano. Vyombo vyako vina thamani ya 10,000 lakini umetangaza 6,000. Spika na mikisa vyenye thamani ya 3,000 vinaibwa. Unadhani 3,000 iko ndani ya 6,000, hivyo utalipwa yote. Kampuni itasema umekata bima ya sehemu sita kwa kumi za mali yako, kwa hiyo utalipwa sehemu sita kwa kumi za hasara: 1,800. Ukiondoa 100 ya kujibebea, unapokea 1,700. Kanuni hii huwashika zaidi watu walioongeza vifaa bila kuvitaja. Bendi ilianza na spika mbili, ikaongeza mbili, ikanunua maiki zisizo na waya, stendi, kebo, na orodha ikabaki ile ya mwaka wa kwanza. Kebo peke yake, ukizihesabu zote na viunganishi vyake, hufikia fedha nyingi kuliko watu wanavyokisia.

Vitu vya pamoja vina kipengele chao. Spika moja kati ya jozi ikiibwa na aina ile haitengenezwi tena, je, utalipwa moja au jozi? Ngoma moja ikipasuka katika seti yenye rangi maalumu, je? Hati nyingine hulipa kipande tu. Upinde wa fidla nao uandikwe kwa mstari wake na thamani yake, kwa sababu kuna pinde zenye bei kubwa kuliko fidla zinazozipiga, na neno "fidla pamoja na upinde" lenye kiasi kimoja huleta ubishi usio na mwisho.

Orodha na uthibitisho

Kampuni italipa kile unachoweza kuonyesha kwamba kilikuwepo, kilikuwa chako, na kilikuwa katika hali gani. Kwa kila kitu andika aina, toleo, rangi, mwaka ulipokinunua, bei, na namba ya seriali. Namba hizo hukaa mahali tofauti. Magitaa mengi ya umeme yana namba nyuma ya kichwa, au kwenye bamba la chuma linaloshika shingo. Ya akustika, chungulia tundu la sauti: lebo iko mgongoni kwa ndani, au namba imegongwa kwenye kipande cha mbao kinachoshika shingo. Saksafoni huwa nayo nyuma ya mwili, karibu na mahali pa kidole gumba. Tarumbeta, kwenye silinda ya vali ya katikati. Piano, kwenye fremu ya chuma karibu na pini za nyuzi, ukiinua kifuniko. Vinanda na mikisa huwa na stika chini au nyuma, na stika hizo hubanduka, kwa hiyo zipige picha zingali zinasomeka.

Matoazi na fidla zinahitaji mbinu nyingine. Toazi lipimwe kwa mizani ya jikoni na uzito uandikwe kwa gramu pamoja na kipenyo chake, kisha lipigwe picha pande zote mbili. Matoazi mawili ya toleo moja mara chache hulingana uzito. Fidla kwa kawaida haina namba, na lebo iliyo ndani yake haithibitishi kitu. Viwanda vya Ulaya vya karne ya 19 na 20 vilibandika jina la Stradivarius, fundi maarufu wa fidla wa Italia, kwenye fidla za wanafunzi zisizo na idadi. Piga picha za karibu za uso, mgongo, mbavu na konokono la kichwani kutoka kila upande, pamoja na kila kovu na kila ukarabati. Mistari ya mbao haifanani kati ya fidla mbili, na picha safi ya uso hutosha kuitambua fidla baada ya miaka mingi. Kwenye upinde tafuta mhuri wa mtengenezaji juu kidogo ya mahali pa kushikia.

Kuchora jina lako kwa ncha ya chuma kwafaa kwenye makasha na spika. Kwenye ala ya zamani hupunguza thamani. Tumia wino usioonekana kwa macho ya kawaida, na uweke mahali palipofichika, kwa kuwa baadhi ya rangi za magitaa ya zamani huathiriwa na wino.

Risiti, picha na orodha visikae kwenye kompyuta ile ile iliyo studio. Moto au mwizi atavichukua pamoja. Kama risiti ya zamani haipo, taarifa ya benki, mawasiliano na muuzaji, au picha zenye tarehe ukiwa unapiga chombo hicho huweza kusaidia, lakini ni afadhali mthamini akiandikie cheti sasa, wakati bado anaweza kukishika mkononi.

Gari

Wizi wa ndani ya gari ndipo masharti yanapokuwa makali kuliko pote, na hapo hati nzuri hujitenga na hati rahisi. Maneno ya kutafuta ni "gari lisilo na mtu". Hati nyingine hazilipi kabisa wizi kutoka gari lisilo na mtu. Nyingine hulipa kwa masharti yote haya kwa pamoja: milango na vioo vimefungwa, vyombo vimefichwa visionekane kutoka nje, king'ora kimewashwa, na kuna alama za kuvunja. Nyingine huongeza saa: usiku, tuseme kuanzia saa tatu hadi saa kumi na mbili asubuhi, kinga huondoka isipokuwa gari limo ndani ya gereji iliyofungwa. Sharti hili humbana sana mpiga muziki, kwa kuwa saa hizo ndizo saa zake za kazi. Bendi inamaliza kupiga usiku wa manane, inafika nyumbani alfajiri, watu wamechoka, na vyombo vinaachwa garini hadi asubuhi. Kama maisha yenu ni hayo, lipieni nyongeza ya kinga ya usiku, au wekeni utaratibu usiovunjwa wa kushusha vyombo vyote kabla ya kulala. Njia ya tatu haipo.

"Bila mtu" yenyewe ina maana gani? Dereva akiingia kulipia mafuta huku gari liko mbele ya macho yake, kampuni nyingine zitasema halina mtu. Mpiga besi aliyelala kiti cha nyuma huenda akahesabiwa kuwa mtu. Ulizeni mapema.

Alama za kuvunja zina tatizo jipya. Magari yanayofunguka kwa ufunguo wa mawimbi huibwa kwa kifaa kinachonasa mawimbi ya ufunguo ulio ndani ya nyumba na kuyafikisha kwenye gari. Mlango hufunguka bila kioo kuvunjika wala kufuli kukwaruzwa, na hati inayodai alama za kuvunja itakuacha mikono mitupu. Muulize wakala jinsi kampuni inavyoshughulikia wizi wa namna hiyo, na ufunguo uwekwe kwenye kipochi kinachozuia mawimbi.

Sharti la kuvunja huuma pia kwenye chumba cha mazoezi kinachotumiwa na bendi kadhaa zenye nakala za funguo, na nyuma ya jukwaa ambako mlango hauna kufuli. Chombo kikitoweka hapo bila alama yoyote, baadhi ya hati hukiita upotevu usioelezeka na hazikilipi. Kusahau nako hupimwa kwa kipengele hicho hicho. Oktoba 1999 mpiga selo Yo-Yo Ma alishuka teksi New York akaacha ndani ya buti selo iliyotengenezwa na fundi Montagnana mwaka 1733. Polisi waliipata siku ile ile, na risiti ya teksi aliyokuwa nayo ndiyo iliyowaongoza kwenye gari lenyewe. Chukua risiti ya kila teksi unayopanda na chombo.

Ndege

Usitegemee shirika la ndege likulipe thamani ya chombo. Safari nyingi za kimataifa ziko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, na ukomo wa fidia ya mizigo kwa abiria mmoja ni SDR 1,519 tangu tarehe 28 Desemba 2024. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Ukomo huo ni wa mizigo yako yote kwa pamoja, masanduku ya nguo yakiwemo. Unaweza kutangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo na kulipia tofauti, ikiwa shirika litakubali. Malalamiko ya uharibifu lazima yaandikwe ndani ya siku 7 tangu kupokea mzigo, na ya kuchelewa ndani ya siku 21. Mashirika mengine hudai taarifa ya haraka zaidi katika masharti yao. Gitaa la mwanamuziki wa Kanada Dave Carroll lilivunjika safarini mwaka 2008, na dai lake lilikataliwa kwa sababu hakuliwasilisha ndani ya saa 24. Kwa hiyo fungua kasha palepale uwanjani, kabla ya kutoka nje ya eneo la mizigo, na usiondoke bila karatasi ya taarifa yenye namba.

Bima nyingi za vyombo hukubali ndege kwa sharti la kasha gumu. Begi laini likienda kwenye tumbo la ndege, kinga hakuna. Hata ndani ya kasha gumu, shingo ya gitaa lenye kichwa kilichoinamia nyuma huvunjika kasha likianguka kwa mgongo: mwili unasimama, kichwa kinaendelea, na mbao hukatika hapo juu ambapo ni nyembamba. Jaza kitambaa chini ya kichwa na pande zake mpaka kisicheze hata kidogo, na legeza nyuzi kiasi. Picha ya chombo kikiwa ndani ya kasha, iliyopigwa kabla ya kukikabidhi, ni ushahidi wa ufungaji mzuri.

Kabla ya kuvuka mpaka tazama pia eneo la kinga. Hati inaweza kuwa ya nchi moja tu, au ya dunia nzima kwa idadi fulani ya siku kwa mwaka.

Kuazima na kukodisha

Chombo ulichokikodi au kuazima hakimo katika bima yako mpaka ukitaje, na mkataba wa kukodi mara nyingi hukubebesha thamani yake ya kipya. Ukikodisha vyombo vyako kwa wengine, aliyevikodi akitokomea navyo hati nyingi hazikiiti kitendo hicho wizi, kwa sababu ulimkabidhi mwenyewe kwa hiari. Ndivyo pia kwa mnunuzi wa mtandaoni aliyekulipa kwa malipo ya uongo. Na spika ikimwangukia msikilizaji, bima ya vyombo italipa spika. Majeraha ya mtu yanahitaji kinga ya dhima kwa watu wengine, ambayo kumbi nyingi hudai cheti chake kabla ya kuwaruhusu kupiga.

Siku ya hasara

Wizi uripotiwe polisi mara moja, na upate namba ya taarifa. Hati nyingi hutaka hili lifanyike ndani ya saa chache au siku moja. Ripoti itaje kila kitu kwa namba yake ya seriali. Ripoti isemayo "vyombo vya muziki" kisha dai lenye vitu kumi na vinne huleta maswali mengi. Piga picha ya mlango au kioo kilichovunjwa kabla ya mtu kukirekebisha. Tuma picha na namba kwa maduka ya vyombo vilivyotumika na kwa mafundi, kisha fuatilia masoko ya mtandaoni. Ukikiona chombo chako, wape polisi taarifa na usiende kukutana na muuzaji peke yako.

Kwa uharibifu, piga picha kwanza kila kitu kikiwa kama kilivyoanguka, kasha lenyewe likiwemo. Okota kila kibanzi, hata kile unachodhani hakifai, kwa sababu fundi anaweza kukirudisha mahali pake. Gitaa lililovunjika shingo lilegezwe nyuzi taratibu: nyuzi za gitaa la akustika huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70, na mvuto huo unaendelea kupanua ufa. Usipake gundi ya haraka. Huingia ndani ya mbao, hukauka kama kioo, na kuzuia gundi ya fundi kushika. Kifaa cha umeme kilicholowa kisiwashwe "kuona kama kinafanya kazi". Kichomoe, toa betri, kiache kikauke bila moto. Hatua za kuzuia hasara isiongezeke kampuni inazitaka kwako, ila ukarabati wenyewe usianze kabla ya mkadiria hasara kuona au kutoa ruhusa ya maandishi.

Ripoti ya fundi ndiyo karatasi nzito kuliko zote katika dai la uharibifu. Itaje chanzo, sehemu zilizoathirika, vipuri, saa za kazi, na kama chombo kitarudi kwenye hali yake ya awali. Neno moja kama "kuchakaa" likiingia humo bila uangalifu, dai linaweza kukwama. Ripoti iseme pia kuhusu thamani iliyopotea baada ya ukarabati. Gitaa la zamani lenye shingo iliyoungwa linaweza kupiga vizuri kabisa, lakini mnunuzi atalipa kidogo sana kuliko awali, na tofauti hiyo hulipwa tu na hati zinazotaja kushuka kwa thamani.

Usiongeze kitu ambacho hakikuwepo. Kebo mbili za uongo ndani ya dai la kweli huipa kampuni sababu ya kukataa dai zima na kufuta mkataba.

Jambo la mwisho la kuuliza ni nani mwenye chombo baada ya kulipwa. Kampuni ikishalipa hasara yote, chombo kikipatikana baadaye ni chake. Fidla ya Stradivarius ya 1696 iliyoibwa kwa mpiga fidla Min-Jin Kym kwenye mgahawa wa kituo cha Euston, London, Novemba 2010, ilipatikana Julai 2013. Yeye alikuwa amekwisha lipwa na kununua nyingine, na ile ya kwanza iliuzwa mnadani Desemba mwaka huo kwa pauni milioni 1.38. Familia ya mpiga fidla Roman Totenberg, aliyeibiwa Stradivarius yake mwaka 1980, iliweza kuirudisha fidia na kuichukua fidla ilipopatikana mwaka 2015. Baadhi ya hati humpa mwenye chombo haki ya kukinunua tena kwa kurudisha fidia aliyopokea, na huweka idadi ya siku za kuamua. Tafuta kipengele hicho, na kama hakimo, omba kiongezwe kabla ya kutia sahihi.